Mwongozo kamili: jinsi ya kusoma shairi moja la Horatius mpaka likufae

Wanaoanza kusoma mashairi ya Kirumi wakitafuta busara ya kuishi hukwama karibu wote mahali pamoja. Huokota mstari mmoja, aghalabu ule wa *carpe diem* (ivune siku ya leo), wakaubandika WhatsApp, na kesho yake umeshakuwa pambo. Wengine hufungua kitabu kizima, wakasoma mashairi kumi kwa mkupuo, kichwa kikajaa majina ya mito na miungu, wakafunga na wasirudi tena.

Mwongozo huu unafundisha kazi moja tu: kuchukua shairi moja la beti 6, kulisoma sawasawa, kisha kulitumia kupima jambo la kweli lililo mbele yako. Shairi la mazoezi ni la 10 katika kitabu cha 2 cha *Carmina* za mshairi wa Kirumi Horatius, mkusanyo ambao Waingereza huuita *Odes*. Vitabu vitatu vya kwanza vilitoka mwaka 23 KK. Historia zaidi ya hapo tutaigusa pale tu inapobadilisha maana ya mstari.

## Vifaa

Matini ya Kilatini. Huhitaji kukijua Kilatini, unahitaji kukisikia. Matini hii ipo bure kwenye tovuti za Perseus na The Latin Library. Ichape au inakili kwa mkono.

Tafsiri mbili, ya kwanza iwe ya nathari. Ya C. E. Bennett ya mwaka 1914 inafaa. Ya John Conington, ya karne ya 19, ina vina. Isome ya pili, kamwe isiwe ya kwanza. Mfasiri anayesaka kina hulazimika kuongeza neno hapa na kupunguza pale, na wewe mgeni huwezi kutenganisha la Horatius na la kina.

Daftari na penseli. Simu itakukatiza kabla hujamaliza ubeti wa pili.

Jioni tano au sita, nusu saa kila moja. Ukilazimisha yote kwa siku moja, hatua ya 5 na ya 6 zitakuponyoka, na ndizo zenye faida.

Kamusi ya miungu iache kabatini. Humu wamo Jupiter, Apollo na Musa basi, na huyo Musa ni mungu wa kike wa ushairi, si nabii.

## Hatua ya 1: Andika jambo lako kabla hujasoma

Ukurasa wa kwanza wa daftari andika swali moja linalokukosesha usingizi. "Nichukue mkopo nifungue duka la pili?" "Niache ajira nijitegemee?" "Nirudi nyumbani au nibaki huku ughaibuni?"

Kwa nini mapema? Kwa sababu ukisoma kwanza, utachagua swali linaloendana na jibu ulilokwisha kulipenda. Shairi litakupigia makofi tu, na hukuja kupigiwa makofi.

Tahadhari: "Nataka kuishi kwa furaha" si swali. Horatius alimwandikia mtu mmoja kuhusu mambo ya huyo mtu, na swali lisilo na mwenyewe halitapata pa kushika.

Umefaulu ikiwa: swali lako linaweza kujibiwa ndiyo au hapana, na unajua siku ya mwisho ya kulijibu.

## Hatua ya 2: Soma kwa sauti na hesabu mizani

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Irabu za Kilatini husomeka karibu sawa na zetu. Herufi *c* itamke k, *qu* itamke kw, na *v* itamke w. Ubeti wa kwanza ndio huu:

*Rectius vives, Licini, neque altum*
*semper urgendo neque, dum procellas*
*cautus horrescis, nimium premendo*
*litus iniquum.*

Mshororo wa kwanza: rek-ti-us-wi-wes-li-ki-ni-ne-kwal-tum. Mizani 11. Angalia *neque altum*: irabu ya mwisho ya neno la kwanza humezwa na irabu ya neno linalofuata. Ukiitamka utapata 12 na mwendo utachechemea. Mshororo wa pili na wa tatu nayo ni 11. Wa nne ni 5 tu.

Kwa mwenye kuijua arudhi yetu, huo ni umbo la msuko: mishororo mitatu mirefu, wa mwisho umekatwa. Kazi yake pia inafanana. Mshororo mfupi unakulazimisha utue, na Horatius huweka pale kitu kizito: pwani yenye hila, jumba, milima, matanga.

Vina usivitafute, wala usiliite shairi hili guni kwa kuvikosa. Warumi walipima silabi ndefu na fupi, si miisho inayofanana. Huna haja ya kujifunza kanuni zote hizo sasa. Soma polepole na usiburute.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusoma beti zote 6 bila kusimama katikati ya mshororo, hata kama maana bado giza.

## Hatua ya 3: Liandike kwa Kiswahili chako

Sasa fungua tafsiri ya nathari, na ubeti kwa ubeti andika unachoelewa. Usipambe. Tafsiri ya pili ifungue baadaye, na pale zinapogombana weka alama. Nakuwekea yangu ili usianze na karatasi tupu, lakini andika na yako:

> Utaishi vizuri zaidi, Licinius, ukiacha kuikabili bahari kuu kila mara, na ukiacha pia, kwa hofu ya dhoruba, kujibana mno na pwani yenye hila.
>
> Aipendaye njia ya kati iliyo ya dhahabu yu salama: hana uchafu wa kibanda kibovu, na kwa kiasi chake hana jumba la kuonewa wivu.
>
> Msonobari mkubwa ndio unaotikiswa zaidi na pepo. Minara mirefu huanguka kwa kishindo kikubwa zaidi. Na radi hupiga vilele vya milima.
>
> Moyo uliojiandaa vyema hutarajia mabadiliko wakati wa dhiki, na huyahofia wakati wa neema. Jupiter huleta majira mabaya ya baridi. Ni yeye huyohuyo anayeyaondoa.
>
> Mambo yakiwa mabaya leo, hayatakuwa hivyo daima. Kuna wakati Apollo humwamsha kwa kinubi Musa aliyenyamaza, wala hauvuti upinde wake kila saa.
>
> Katika dhiki jionyeshe jasiri na imara. Na kwa busara hiyohiyo, upepo ukikufaa kupita kiasi, utapunguza matanga yaliyovimba.

Tahadhari kubwa: usikimbilie methali. Wasomaji wetu wengi wakifika hapa huandika pembeni "Mtaka yote hukosa yote" na kuona kazi imekwisha. Methali hiyo inamgusa anayetaka vingi. Nusu ya shairi hili inamsema mtu wa aina nyingine kabisa, anayeogopa kutoka. Methali ikiingia mapema hufunga mlango, na nusu hiyo inabaki nje.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyejua lolote kuhusu Roma anaweza kukusikiliza ukimsomea, kisha akauliza swali la maana.

## Hatua ya 4: Uliza nani anaambiwa, na yuko wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mashairi haya mengi yana mtu anayeambiwa, na mara nyingi yana hali ya hewa. Ukiyaondoa hayo mawili, linabaki neno la kuandika kwenye khanga.

Hapa anayeambiwa ni Licinius. Wataalamu wengi humtambua kuwa ndiye Licinius Murena, shemeji yake Maecenas (tajiri aliyewafadhili washairi, Horatius akiwemo), aliyeuawa baada ya kutuhumiwa kula njama dhidi ya Augustus, mtawala wa Roma, miaka ileile ya 23 hadi 22 KK. Lijue hilo, kisha liweke kando. Ukilishikilia sana utalisoma shairi kama utabiri, na utajipa raha kwamba halikuhusu, kwa kuwa wewe hupangi mapinduzi.

Mahali ni baharini, na hapa inafaa kukaa.

Mara ya kwanza watu huona onyo dhidi ya bahari kuu peke yake. Rudi kwenye mshororo wa pili. Neno la kwanza pale ni *semper*: kila mara. Horatius hajamkataza Licinius kwenda mbali. Amemkataza kuwa huko muda wote. Chombo kisichotoka bandarini hakina kazi, na Warumi, ambao ngano yao ilivuka maji kutoka Misri na Afrika Kaskazini, walilijua hilo vizuri mno.

Kisha angalia upande wa pili. Anayeogopa dhoruba anafanya nini? Anasogea pwani. Na pwani hiyo ni *iniquum*: haina haki, haiaminiki. Mtu yeyote aliyekulia ukanda wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hahitaji maelezo hapa. Karibu na nchi ndiko kuliko na mwamba, fungu na kina kifupi, na upepo ukigeuka ghafla hakuna nafasi ya kugeuza chombo. Nahodha mwoga hupasua chombo mahali ambapo jasiri angepita mbali.

Kwa hiyo "njia ya kati" ya Horatius haina uvuguvugu. Kuna hatari mbili zenye nguvu sawa, na mojawapo imevaa nguo za usalama. Mimi naona huu ndio ubeti wenye thamani kuliko wote sita, ingawa watu hunukuu wa pili kwa sababu ya lile neno dhahabu.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja, kwa jambo lako la hatua ya 1, bahari kuu ni ipi na pwani yenye hila ni ipi. Usipoipata pwani, usiende mbele. Ipo.

## Hatua ya 5: Tenganisha amri na picha

Chukua penseli. Pigia mstari kila mahali mshairi anapomwagiza Licinius afanye kitu, kisha weka duara kwenye kila picha: msonobari, minara, radi, kinubi, upinde, matanga.

Utashangaa jinsi mistari ilivyo michache. Katika mishororo 24, kitenzi kilicho katika umbo la amri ni kimoja tu: *appare*, jionyeshe. Jionyeshe nini? Jasiri na imara. Mwanzoni anasema "utaishi", mwishoni "utapunguza", na katikati yote ni maelezo ya jinsi dunia ilivyo. Shairi ambalo kila mtu hulinukuu kwa ajili ya kiasi linatoa amri moja, na ni amri ya ushujaa.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba picha hulewesha. Ukisoma minara ikianguka na radi ikipiga vilele, moyo unataka kukaa chini kabisa usionekane. Lakini hakuna mahali alipokuagiza ukae chini. Picha zinaonyesha gharama ya kuwa juu. Uamuzi wa kupanda bado ni wako.

Angalia pia mgawanyo wa ubeti wa nne. Moyo uliojiandaa unafanya mambo mawili yanayopingana kwa nyakati mbili: unatarajia mema ukiwa shidani, unahofia mabaya ukiwa rahani. Wengi wetu tumezoea kinyume, na ndiyo maana mtu huyu anaitwa *bene praeparatum*, aliyeandaliwa vyema. Hazaliwi hivyo.

Umefaulu ikiwa: ukurasa wako una mistari michache na duara nyingi.

## Hatua ya 6: Pima jambo lako kwa pepo mbili

Gawa ukurasa katikati. Kushoto andika "upepo mbaya", kulia "upepo mzuri". Jibu maswali matatu, kwa maandishi:

1. Ni mara ngapi nimekwenda bahari kuu hivi karibuni? Je, hii imekuwa "kila mara"?
2. Nikikaa ninapoona pa salama, mwamba uko wapi?
3. Upepo uliopo sasa unatoka wapi, na nani anaweza kuuzima? Ni tanga lipi naweza kulipunguza bila kurudi bandarini?

Tufanye mfano. Tuseme dada mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi. Biashara imechanganya, saruji inaisha kabla ya lori la pili kufika, na anafikiria mkopo afungue duka lingine, dhamana ikiwa hati ya nyumba.

Swali la kwanza ni rahisi kwake: hajawahi kukopa. Bahari kuu haijamzoea, basi woga wake si ushahidi wa chochote.

Swali la pili ndilo linalomtoa jasho. Anaona kubaki na duka moja ndio usalama. Lakini duka hilo liko ndani ya hifadhi ya barabara, na ukutani kuna alama ya X nyekundu iliyopigwa rangi tangu mwaka juzi. Ameizoea, amening'iniza ndoo mbele yake. Hiyo ndiyo pwani.

Swali la tatu: mauzo yamepanda kwa sababu mtaa wa jirani umepimwa viwanja na watu wanajenga kwa pamoja. Upepo ni huo. Misingi na kuta zikiisha, saruji itapungua, watahitaji rangi na vitasa. Kupunguza tanga kwake kunaweza kuwa kupangisha fremu mahali halali kwa miezi sita, kuhamisha nusu ya mzigo, na kuiacha hati ya nyumba kabatini. Anatoka pwani, lakini haweki kila kitu juu ya upepo ambao si wake.

Shairi halikumpa jibu la ndiyo au hapana. Lilibadilisha swali kutoka "nikope au nisikope" likawa "nitatokaje hapa, na kwa tanga kiasi gani".

Tahadhari: usipime jambo la mtu mwingine, hasa la mumeo, mkeo au mwanao. Ubeti wa minara ni mtamu sana kuwasomea wengine.

Umefaulu ikiwa: umeandika kitendo kimoja chenye tarehe, nacho si kile ulichokuwa umekipanga hatua ya 1, au ni kilekile lakini kwa kipimo kingine.

## Hatua ya 7: Hifadhi ubeti wa mwisho

Kwa moyo, kwa Kilatini kama unaweza:

*Rebus angustis animosus atque*
*fortis appare, sapienter idem*
*contrahes vento nimium secundo*
*turgida vela.*

Hifadhi huu badala ya ule wa dhahabu, kwa sababu huu una pande zote mbili na unaingia kwenye pumzi nne. Utaukumbuka siku ya dhiki bila shida. Kazi ni kuukumbuka siku pesa imeingia.

## Makosa mawili yanayorudi

La kwanza ni kuisoma *carpe diem* kama "ponda mali, kufa kwaja". Shairi hilo, la 11 katika kitabu cha 1, lina mishororo 8 tu, lisome lote. Anayeambiwa ni Leuconoe, mwanamke anayehangaika na hesabu za nyota za Kibabeli ili ajue atakufa lini. Nje ni majira ya baridi, bahari ya Tyrrhenia inajichosha kwa kupiga miamba. Anaambiwa awe na busara, achuje divai, afupishe matumaini marefu. Divai ya Kirumi ilikuwa na machicha, na kuichuja ilikuwa kazi ya nyumbani ya jioni ileile. Kwa hiyo amepewa shughuli ya mkono badala ya utabiri. Karamu ya kuchoma mali haimo.

La pili ni kumwamini Horatius mno anaposifu maisha ya kidogo. Baba yake aliwahi kuwa mtumwa akaachwa huru, na yeye mwenyewe alijua kupoteza: alipigana upande ulioshindwa katika vita vya Philippi mwaka 42 KK na shamba la baba likaenda. Hayo ni kweli. Lakini baadaye alipata shamba katika nchi ya Wasabini kwa ukarimu wa Maecenas, na katika moja ya tenzi zake za kejeli anamtishia mtumwa wake kwamba atampeleka huko akawe mfanyakazi wa tisa. Maana yake wanane walikuwa tayari wanalima. Anaposema mtu huishi vizuri kwa kichache, kumbuka ni nani aliyeshika jembe. Ushauri wake juu ya hofu na upepo naupokea wote. Ule wa meza ndogo naupokea nikiwa na swali mkononi.

## Ukitaka kuendelea

Fuata mpangilio huu, kwa hatua zilezile. Kitabu cha 2, shairi la 3, kwa Dellius: kutunza akili iliyotulia mambo yakiwa magumu. Kitabu cha 1, shairi la 9, linaloanza na theluji juu ya mlima Soracte na kuishia kwenye kicheko cha msichana aliyejificha pembeni. Hili litakufundisha kutazama shairi linavyogeuka njiani. Kitabu cha 2, shairi la 16, lenye kidau cha chumvi cha urithi kinachong'aa kwenye meza ya kawaida, na swali la nani aliyehama nchi yake akajikimbia na nafsi yake. Walio ughaibuni waanze na hilo. Halafu kitabu cha 3, shairi la 29, refu, kwa Maecenas.

Mashairi 6 ya mwanzo ya kitabu cha 3 yaache mpaka mwisho. Yanazungumza na dola zaidi kuliko na mtu mmoja, na bila ile historia tuliyoiruka hapa utakwama ubeti wa pili.